Mkimbiaji wa Kalunguyeye

Hénock Kabamba alijaliwa miguu miwili mizuri sana, na hata mmoja haukuelewana na mpira. Jambo hilo lilijulikana mapema. Lubumbashi, alikozaliwa, mpira ulimkimbia. Na mama yake alipomleta Brussels na kupata nyumba kwenye maghorofa ya Berchem-Sainte-Agathe, mpira uliendelea kumkimbia, safari hii kwa Kifaransa. Mjomba wake, Tonton Ngoy, aliyewahi kucheza daraja la pili huko Katanga na ambaye hakumruhusu mtu yeyote kusahau, alimpeleka kwenye klabu ya vijana ya mtaa. Msimu ulipokwisha kocha alimvuta Tonton pembeni, akamuuliza kwa heshima zote kama kijana amewahi kufikiria kuogelea.

Basi Hénock akaachana na michezo, akawa kijana wa kawaida: asubuhi shule ya ufundi wa umeme, mchana simu, jioni kutumwa. Mama yake, Maman Pétronille, alikuwa mwanamke wa kutuma. Kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, yeye ndiye aliyetumwa kutwa nzima, kwa hiyo akirudi nyumbani alihitaji kumtuma mtu ili dunia ikae sawa. Baba hakuwepo. Alibaki Lubumbashi kulinda nyumba, na baadaye ikagundulika kwamba hakuwa akiilinda peke yake.

Jioni moja Hénock alitoka Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, na mfuko wa unga wa bukari, yaani ugali wa kwao, akashuka kituo cha Gare du Nord kubadilisha treni, akakuta ile ya kwenda Berchem iko karibu kufunga milango. Ilikuwa saa ya watu wa maofisini kumwagika kutoka kwenye minara yao. Kati yake na treni kulikuwa na ukuta wa makoti, mabegi, baiskeli za kukunja, na kundi la watalii waliosimama katikati ya njia kana kwamba wamepandwa pale na manispaa. Kijana mwingine angesubiri treni inayofuata. Hénock aliukumbatia unga kifuani, akainama, akaingia. Hakumsukuma mtu. Alipita mahali pasipo na mahali, akageuza bega, akamzunguka mama mwenye kigari cha mtoto, akapanda ngazi huku watu wakigeuka kutafuta upepo umetokea wapi. Milango ikafungwa kwenye kisigino chake.

Mwanamke mmoja mfupi, aliyevaa jaketi la michezo, aliyekuwa amewahi mlango mwingine, akaja akihema kukaa mbele yake.

“Unga umemwagika?” aliuliza kwa Kifaransa.

Hénock aliukagua mfuko. Haukumwagika.

“Umemgusa mtu yeyote?”

Hénock alikuwa kijana mweusi ndani ya treni, anaulizwa maswali na mtu asiyemjua, kwa hiyo alianza kuomba radhi kabla ya kulijua kosa lake. Mwanamke akamwambia aache kuomba radhi, ajibu swali. Hapana, hakumgusa mtu. Basi, akasema mwanamke, Jumanne jioni aje uwanjani, na unga auache nyumbani.

Huyo alikuwa Naïma. Mchana alifanya kazi ya bima kwenye mnara mmojawapo wa mtaa ule. Jioni aliwafundisha wakimbiaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoitwa Les Hérissons, yaani Kalunguyeye wa Brussels. Jina hilo la mnyama mdogo wa miiba lilichaguliwa kwa kura, na wapiga kura walikuwa wamekunywa.

Kwa asiyeujua mchezo huo, mambo yako hivi. Unaitwa mpira wa miguu, na unachezwa kwa mikono. Mpira wenyewe una umbo la parachichi. Wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakaonekana kama makabati yaliyoamua kutembea. Mmoja wao hukabidhiwa lile parachichi, kisha makabati ya upande wa pili huruhusiwa na sheria kumwangusha na kumlalia. Huyo anayekabidhiwa huitwa running back, na kazi yake ni kukimbilia kule kule walikosimama wote wanaomtakia mabaya. Mwenye akili timamu angekimbilia upande mwingine. Hénock, Jumanne ile, alitapika mara tu baada ya mazoezi ya viungo, akasukutua mdomo, akapewa mpira, na hakuna aliyemshika mpaka giza lilipoingia na taa za uwanja zikakataa kuwaka.

Kwa mara ya kwanza maishani mpira ulikaa naye. Aliupenda kwa sababu hiyo tu, mwanzoni. Ulitulia kwenye kiwiko chake kama mtoto aliyelala, na yeye akiwa ameubeba aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona: goti la mtu linaloelekea kushoto wakati macho yake yanatazama kulia, kijinjia kinachofunguka kati ya wanaume wawili na kufumba kama kope. Msimu wake wa pili jina lake lilitoka kwenye gazeti la mkoa. Waliliandika vibaya, lakini lilitoka.

Nyumbani alisema anacheza football, na huo haukuwa uongo. Maman Pétronille alifurahi, akapeleka habari kanisani. Kanisa lao lilikuwa Matonge, ghorofani, juu ya saluni ya kusuka nywele, na maombi yote yalisindikizwa na ngurumo za mashine za kukaushia nywele kutoka chini. Maman ndiye aliyeongoza kwaya. Pasta Jérôme, mtu mrefu wa suti za kung'aa, alisikia habari za kijana mchezaji, akaona mbele ya macho yake uwanja mkubwa na kanisa lenye paa jipya. Tangu siku hiyo, kila Jumapili kabla ya mechi, alimvua Hénock viatu mbele ya waumini na kumpaka miguu mafuta ya upako. Haikuwa na madhara. Soksi tu ndizo zilizoharibika.

Aliyeharibu mambo ni Shekinah, msusi wa saluni ya chini na sauti ya juu kuliko zote kwenye kwaya. Hakukusudia ubaya. Alikuta video ya Hénock kwenye simu, akaifurahia, akaionyesha kwaya nzima baada ya mazoezi. Maman Pétronille aliona mwanawe anapokea kitu kama parachichi, anakimbia, kisha anafunikwa na rundo la wanaume mpaka hakuonekana hata kiatu.

Jioni ile alimsubiri jikoni.

“Hénock, ile njo football?” aliuliza kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, ambacho ndiyo yake ni njo.

“Ni football ya Amerika, maman.”

“Na bale bantu, uliwafanya nini?”

“Apana, maman. Njo mchezo yenyewe.”

Maman aliikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa muda mrefu kuliko sombe inavyohitaji. Kisha akauliza kama kuna kofia. Hénock akasema iko, ngumu kabisa. Akauliza kama kuna bima. Hénock akasema kocha wake anafanya kazi ya bima. Jibu hilo halikuwa jibu, ila lilimtosha Maman kwa siku hiyo.

Pasta Jérôme naye alitafakari. Akafunuliwa kwamba kama mchezo ni wa mikono, basi mafuta yalikuwa yanakwenda mahali pasipo pake kwa msimu mzima. Jumapili iliyofuata alimpaka Hénock mikononi, kwa ukarimu, mpaka viwiko vikang'aa. Mchana ule mpira ulimtoka Hénock kama sabuni bafuni. Aliupoteza mara ya kwanza, watu wakasema bahati mbaya. Alipozidi kuupoteza Naïma alimtoa nje, akamshika mkono, akaunusa.

“Mafuta ya nini haya?”

“Ya Bwana,” alisema Hénock.

“Na Bwana anachezea timu gani?”

Kalunguyeye walifungwa siku ile na timu isiyokuwa na hata sare za kufanana. Kuanzia hapo Hénock alikuwa akipokea upako juu, kwa unyenyekevu wote, kisha anashuka ngazi na kunawa kwa shampuu ya Shekinah, ambaye alimshikia mlango na hakumwambia mtu.

Msimu uliofuata Kalunguyeye walifika fainali ya ubingwa wa Ubelgiji, na wapinzani wao walikuwa timu moja kutoka Flandria, mabingwa wa mwaka uliotangulia, watu wakubwa wenye shingo fupi. Wiki ile Naïma alimwambia Hénock kwamba kutakuwa na mgeni. Timu moja ya kulipwa ya Ujerumani inatafuta mkimbiaji, na mtu wao atakuja kutazama. Alisema hivyo akiwa anafunga kamba za viatu, bila kuinua uso, na Hénock akajua kwamba yeye ndiye aliyempigia mtu huyo simu.

Habari ikafika Matonge kabla ya Hénock kufika nyumbani. Pasta Jérôme alifupisha ibada, jambo ambalo hata Pasaka haikuwahi kumfanyisha. Kwaya nzima ilipanda metro ikiwa na vitenge vya kijani na ngoma mbili, wakamchukua na Tonton Ngoy, aliyekubali kuja kwa sharti la kuruhusiwa kuutukana mchezo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Walikaa nyuma ya goli moja, kundi kubwa la kijani katikati ya Wabelgiji wenye bia, na Hénock alipoingia uwanjani wakaanza kuimba.

Waliimba vizuri. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Katika mchezo huu, timu yenye mpira hujipanga, kisha nahodha wao huita maneno fulani kwa sauti, na neno likifika wote huondoka kwa pamoja. Wasiposikia, mmoja anaondoka mapema, mwingine anachelewa, refa anatupa kitambaa chake cha njano na timu inarudishwa nyuma. Kalunguyeye walirudishwa nyuma. Wakajipanga tena, kwaya ikapandisha ubeti wa pili, wakarudishwa tena. Mtu yule wa Ujerumani, mwembamba mwenye kofia ya sufu, alikuwa akitazama rundo la watu wanaokosea kuanza. Kocha mkuu, mzee mmoja wa Charleroi mwenye tumbo na uso mwekundu, alimuuliza Hénock kama anawafahamu wale akina mama. Hénock alifikiria kukana. Kisha akavua kofia, akatembea mpaka kwenye uzio.

Maman Pétronille alimwendea kwa furaha, akidhani anakuja kushukuru.

“Maman, munatuua. Tukiwa na mpira, mutu asiimbe. Hatusikii.”

“Donc tunyamaze? Tulitoka Matonge na ngoma juu ya kunyamaza?”

“Apana. Muimbe wakati bale bengine banashika mpira. Muimbe mpaka basisikie ata majina yao.”

Maman alimtazama.

“Unataka tuimbie adui.”

“Njo vile, maman.”

Alirudi kwa kwaya yake. Hénock aliona akiwaeleza, akaona vichwa vya vilemba vikigeuka kuwatazama Waflandria mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama watu wanaochagua kuku sokoni. Haikuwa theolojia waliyofundishwa. Lakini wengi wao walikuwa wanawake waliofanya usafi katika nyumba za watu, waliowageuza wazee vitandani, waliosema bonjour kutwa na kujibiwa mara chache, na mtu alikuwa hajawahi kuwaomba wapige kelele kwa makusudi. Waflandria waliposhika mpira kwaya ilianza ule wimbo wao wa kuta za Yeriko, ngoma zote mbili, Shekinah juu kabisa ya wengine, na kuta zikayumba kweli. Nahodha wa Flandria aliita neno, hakuna aliyesikia. Akaita tena akiziba masikio yake mwenyewe. Kitambaa cha njano kikaruka. Wabelgiji wenye bia wakaanza kupiga makofi kufuata ngoma, na Pasta Jérôme, aliyekuwa amesahau yeye ni nani, alionekana amevua koti.

Hénock alikimbia siku ile kuliko siku zote. Alianguka, akaamka, akaanguka tena, akaamka na nyasi kwenye meno. Zikiwa zimebaki dakika chache Kalunguyeye walikuwa mbele kwa pointi moja tu, na mpira ulikuwa wao. Naïma alimshika kofia kwa mikono yote miwili, akamvuta uso kwa uso.

“Nisikilize. Ukipata njia, usifunge. Kaa chini kabla ya mstari wa goli.”

Hénock alielewa, walikuwa wamelizoea jambo hilo mazoezini. Maadamu wanaushika mpira, saa inatembea na wapinzani hawana la kufanya. Akifunga, sheria inawataka wawape wapinzani mpira, na muda wa kurudisha ungekuwepo bado. Kukaa chini kulikuwa kushinda. Kufunga kulikuwa kucheza kamari. Alielewa yote hayo, na huku akiyaelewa aliona pia kwamba goli lile ndilo walilokaa nyuma yake akina mama wa kijani.

Alipewa mpira. Akaenda kulia, akaona ukuta. Akarudi kushoto, na pale Waflandria wawili wakagongana vichwa, njia ikafunguka yote, pana, tupu, mpaka mwisho. Hakukuwa na mtu. Kwenye mechi nzima, kwenye maisha yake yote, hajawahi kuona uwanja mtupu vile. Mbele yake kwaya ilisimama. Mama yake alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa akiogopa. Alikuwa anauelewa mchezo. Kijana anakimbia, mstari ule pale, akivuka ni shangwe. Kitu hicho kimoja tu ndicho alichokihitaji kukielewa, na kilikuwa kinakuja kwake moja kwa moja.

Miguu haikutaka. Baadaye Hénock alisema ilikuwa kama kumzuia mbwa aliyeona nyama. Karibu na mstari, karibu kiasi kwamba angeunyoosha mkono angeugusa, alipunguza mwendo, akageuka, akakaa chini kwenye nyasi na mpira mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Kwaya ilinyamaza. Mikono ya Maman Pétronille ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Sauti pekee iliyosikika upande ule ilikuwa ya Tonton Ngoy akiuliza kama kijana amechoka. Uwanjani Kalunguyeye walikuwa wakimrukia Hénock kichwani kwa furaha. Nahodha akapiga goti na mpira ili muda upite, akapiga goti tena, saa ikaisha, wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Hénock alipopata nafasi ya kuinua kichwa kutoka chini ya rundo, nyuma ya goli palibaki majani yaliyokanyagwa tu. Mama yake alikuwa ameshaelekea kituoni.

Nyumbani alipakuliwa chakula kingi mno. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. Alijaribu kueleza habari za saa na mpira; Maman akamwambia ale. Siku zilizofuata aliendelea kumwambia ale, na mengine hakuyasema. Hakuwa na hasira ya kushindwa, maana alikuwa ameambiwa na jirani Mbelgiji kwamba wameshinda. Aliona aibu. Alikuwa amewatoa watu kanisani, na mwanawe, mbele ya mlango wa baraka, hakuna wa kumzuia, amekaa. Matonge nzima ililijadili jambo hilo kwenye saluni na kwenye baa. Wengine walisema ni uchawi kutoka upande wa baba. Wengine walisema ameuza mechi kwa Waflandria, ingawa hawakuweza kueleza jinsi mtu anavyouza mechi kwa kuishinda.

Naïma alikuja Berchem katikati ya wiki. Alikuja kusema kwamba mtu wa Ujerumani amepiga simu: wanamtaka Hénock kwenye kambi yao ya majaribio. Alikuwa ameona mbio, alisema mtu huyo, lakini wakimbiaji anao; kilichomfanya aandike jina ni kule kukaa. Hénock alisimama katikati ya sebule asijue mikono aiweke wapi. Maman hakupiga kigelegele. Alimkaribisha mgeni mezani, akamwekea bukari, akaketi mbele yake na kumuuliza kwa Kifaransa cha upole cha kazini, kile alichotumia kwa watoto wa wazee wake, kama madamu anaweza kumweleza kwa nini mwanawe alikaa.

Naïma alieleza. Maman hakuelewa. Naïma akaeleza tena kwa chupa ya pilipili na kikombe. Maman akavitazama, akatazama sahani yake.

“Kwa hiyo,” alisema, “mpira ndio sahani. Ukimaliza kula, lazima uwape wao.”

“Ndiyo, madamu.”

“Na wao walikuwa na njaa.”

“Sana.”

“Kumbe akaacha tonge moja kwenye sahani, akaikumbatia mpaka watu waende kwao.”

Naïma alisema kwamba katika miaka yake yote hajasikia mtu akilieleza vizuri hivyo. Maman Pétronille alimgeukia mwanawe, akasema kwa Kiswahili kwamba angeweza kusema hivyo tangu mwanzo badala ya kuleta habari za saa. Kisha akamwongezea nyama, na safari hii haikuwa dalili mbaya.

Jumapili ikafika. Hénock alitaka kubaki nyumbani. Mama yake alimpigia pasi shati. Pasta Jérôme alihubiri juu ya watu wanaofika kwenye mlango wa baraka zao na kukaa chini. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila aliposema kukaa alitazama safu ya Hénock, na waumini walimfuata kwa shingo. Alihubiri kwamba Mungu anafungua njia, anawaangusha adui, anaondoa kila kizuizi, na mtu, kwa uvivu au kwa hofu, anakaa. Mashine za kukaushia nywele zilinguruma chini. Hénock alitazama viatu vyake. Aliwaza Ujerumani, akaona ni mbali vya kutosha.

Pasta alipomaliza alifuta jasho, akainua mkono kuiashiria kwaya. Huo ndio wakati ambao Maman Pétronille husimama, na akisimama wote husimama. Hakusimama. Pasta aliinua mkono tena. Mpiga kinanda alipiga sauti ya kuanzia, akairudia, akaacha. Wanakwaya walimtazama kiongozi wao, naye alikuwa amekunja mikono juu ya kitenge, ametulia kabisa.

“Maman Pétronille,” alisema Pasta, “tunangojea wimbo.”

“Nimekaa, Pasteur.”

“Kuna shida?”

“Shida haina. Mutoto yangu alikaa, tukashinda. Mi pia nakaa. Tuone nani atashinda.”

Kanisa likawa kimya mpaka mtu aliyekuwa anasukwa chini akasikika akilalamika kwamba anavutwa. Kisha Shekinah akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikatokea puani, kikawa kibaya zaidi, na safu ya nyuma ya kwaya ikaanza kutikisika mabega. Pasta Jérôme alisimama pale na mkono wake hewani. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama kwaya iliyokaa, akatazama waumini waliokuwa wakijitahidi kutazama dari, na akafanya hesabu ya kichungaji: kanisa bila paa jipya linawezekana, kanisa bila kwaya hapana. Akateremka kutoka mimbarini, akamfuata Hénock mpaka kwenye safu yake, akamwomba awaeleze watu wa Mungu, taratibu, sheria za mchezo ule. Hénock alieleza habari za sahani. Maman ndipo aliposimama.

Ujerumani ilikuwa kama Ujerumani. Hénock aliishi katika chumba kimoja na mchezaji wa ulinzi kutoka Ufini aliyezungumza usingizini, akafundishwa na Mmarekani aliyeita kila mtu “mwanangu” na hakukumbuka jina la yeyote. Mwaka wa kwanza alikuwa mkimbiaji wa tatu, na mkimbiaji wa tatu kazi yake ni kubeba maji na kuwaombea wawili wa mbele wapate mafua. Mwaka wa pili mmoja alipata. Hénock akaingia, akakimbia majira yote ya kiangazi mbele ya watu wengi kuliko wakazi wa Berchem nzima, na huko Matonge saluni ya Shekinah ilifungulia mechi kwenye televisheni, wateja wakaondoka na vichwa vilivyosukwa nusu. Mwaka wa tatu, kwenye mvua, mguu ulibaki kwenye nyasi na goti likaendelea na safari. Alisikia mlio wa goti hilo. Madaktari walilishona vizuri, akatembea, akakimbia hata, lakini vijinjia vilivyokuwa vikifunguka kati ya watu sasa vilifumba kabla hajafika. Hakuna aliyemwambia aache. Alijiona mwenyewe kwenye video, akaiona ile nusu hatua iliyopotea, akafunga virago.

Alirudi Berchem akiwa na miaka ishirini na sita, fundi umeme mwenye goti linalotabiri mvua. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alilala sana, akamjibu mama yake vibaya, akavunja kikombe bila sababu. Maman alimwacha mpaka kilipovunjika kikombe, kisha akaanza kumtuma tena. Naïma alimpigia simu akasema wakimbiaji wa Kalunguyeye wamekuwa wengi na yeye anazeeka. Hénock akasema atafikiria. Jumanne alikuwa uwanjani.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwaya. Alidhani walikuwa wakija kwa ajili yake. Kumbe miaka yote aliyokuwa Ujerumani hawakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Walikuwa wamezoea. Walijua majina ya wachezaji wa timu zote za Ubelgiji, walijua nani anaogopa kelele na nani ana mke aliyemkimbia, na timu za ugenini zilikuwa zimeandika kwenye shirikisho kulalamika kuhusu ngoma. Pasta Jérôme alikuwa amehamisha ibada asubuhi kabisa ili watu wawahi.

Jumapili yake ya kwanza kama kocha Hénock alisimama kando ya uwanja na Naïma. Mkimbiaji wao mpya alipokea mpira, akakutana na mlinzi mmoja mpana, akatoweka chini yake. Nyuma ya goli Maman Pétronille alitikisa kichwa.

“Hénock,” aliita, “huyu mutoto anakimbia na macho yake chini. Umuambie.”

Hénock alisema ameona.

“Na bale ba kule, nahodha yao sauti inaanza kukatika. Tuingie?”

Hénock alitazama nani ana mpira. Ulikuwa umeshahamia kwa wageni. Akamwashiria mama yake kwa mkono, na ngoma zikaanza.